Karai la Kwanza la Shimo la Choo

Choo cha shule yetu kilizama siku ya Jumapili. Nalisema hilo kwa shukrani. Jumatatu kungekuwa na wanafunzi ndani, na Jumamosi kungekuwa na Wasabato, ambao huazima darasa letu moja kwa ibada na hushinda hapo kutwa. Jumapili hapakuwa na mtu. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, ukuta mmoja ukainama, paa likaufuata, na Jumatatu asubuhi tulikuta mabati mawili juu ya tope na mlango umesimama peke yake, umefungwa kwa komeo. Watoto wa gredi ya kwanza waliuzunguka mlango ule wakabisha hodi.

Wakati huo nilikuwa kaimu mwalimu mkuu wa shule ndogo ya msingi kwenye vilima vya Nyatike, upande wa Macalder. Nilikuwa nimekaimu kwa miaka mitatu. Mwalimu mkuu halisi alihamishiwa Suna, kwenye shule yenye stima na lami mpaka langoni, akatuaga kwa hotuba fupi sana, na nafasi yake ikatangazwa mara mbili bila mtu kuiomba. Nikaambiwa niishikilie kwa muda. Nilifundisha gredi ya tatu na ya nne katika chumba kimoja, hawa wakitazama ubao wa huku na wale ubao wa kule, na katikati nikijibu barua za ofisini. Tulikuwa na kabati la chuma lililojaa tableti ambazo Serikali ilituletea kabla ya kutuletea umeme. Kila Ijumaa tulizitoa, tukazipangusa vumbi na kuzirudisha kabatini, kwa sababu maagizo yalisema zitunzwe.

Mimi ni mtu wa Homa Bay, wa ufukweni, mkabala na kisiwa cha Takawiri. Kwetu ukichimba futi nne unakutana na ziwa. Choo cha shule niliyosomea kilijengwa juu ya mwamba na kilipandwa kwa ngazi, kwa hiyo kila aliyekwenda alionekana na kijiji kizima pamoja na wavuvi waliokuwa majini, na wengine walipunga mkono. Nilikua nikidhani hayo ndiyo matatizo ya vyoo. Nilipopelekwa Nyatike nikaona ardhi kavu, ya kuchimbika, nilifurahi. Sikujua kwamba kuna mahali ambapo shida ni watu kujua kuchimba kupita kiasi.

Afisa wa afya ya umma alikuja Jumanne kwa pikipiki. Aliutazama mlango, akauliza watoto wanakwenda wapi kwa sasa, nikamwonyesha kichaka. Akaandika barua palepale juu ya kiti cha pikipiki. Barua ilisema kwamba ikiwa siku ya kufungua muhula wa pili hakutakuwa na choo kipya, chenye shimo la futi ishirini na pande zilizonyooka, shule ingefungwa na wanafunzi wote wahamishiwe shule jirani. Zilikuwa zimebaki siku tano kufika likizo ya Aprili, na likizo yenyewe ni wiki tatu. Alinisomea barua hiyo kwa upole, kisha akaomba maji ya kunywa.

Shule jirani iko ng'ambo ya mto Kuja. Kiangazi watoto huvuka kwa kurukaruka mawe. Masika hawavuki. Kwa wakubwa ingekuwa safari ya kuzunguka mpaka darajani, saa moja na nusu kwenda na nyingine kama hiyo kurudi. Kwa baadhi ya wadogo ungekuwa mwisho wa kusoma, na nilimjua wa kwanza wao. Alikuwa msichana wa gredi ya tatu aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi, uliopinda kwenye kifundo, na alitembea kwa fimbo. Kutoka kwao mpaka shuleni ni mwendo wa dakika kumi. Yeye alitumia dakika arobaini, akitoka kabla ya wote na kufika baada ya wote, na hakuwahi kukosa hata siku moja. Alikuwa amemaliza vitabu vyote vya hadithi kwenye sanduku letu na ameanza kuvirudia. Niseme wazi kwamba nilimpenda mtoto yule kuliko wengine, jambo ambalo mwalimu haruhusiwi, na nililificha kwa kumkaripia mara nyingi.

Mama yake alikuwa mwenyekiti wa wazazi. Alikuwa Mkuria wa upande wa mpakani aliyeolewa pale kijijini. Mumewe alikwenda kutafuta kazi migodini Tanzania na hakuwa amemaliza kurudi. Wazazi walimchagua kwa sababu ndiye pekee aliyehudhuria mikutano mitatu mfululizo. Mimi Kikuria sikijui, na yeye Kijaluo alikiweka kwa ajili ya kubishania bei, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili cha sokoni, ambacho kilitutosha.

Kazi yake ilikuwa kuosha dhahabu. Wanaume huchimba, mawe yakapondwa, na unga wake huoshwa kwenye karai kwa maji mpaka udongo uondoke na kizito kibaki chini. Yeye alikuwa na jicho ambalo vilima vyote viliamini. Ilikuwa desturi pale kwamba mtu akifungua shimo jipya, karai la kwanza hapeleki kwa mwingine. Lilipelekwa kwake. Akisema kuna kitu, watu huhamia hapo na vyombo vyao. Akisema hakuna, shimo linaachwa siku hiyohiyo, na hakuna anayebisha wala anayeosha mara ya pili. Malipo yake yalikuwa makarai machache ya kila shimo alilolisifu, na mengi ya mashimo hayakuwa na sifa. Aliishi nyumba ya chumba kimoja na mabega yake yalikuwa yamepinda kwa kuinama mtoni.

Tuliitisha mkutano wa wazazi. Nilisoma barua, nikaeleza habari ya mto, nikaomba watu wa kujitolea kuchimba. Katika shule nyingi ombi kama hilo hufuatwa na kimya na watu kukumbuka mifugo yao. Kwetu waliinuka wanaume tisa kwa mpigo, wote wachimbaji, na wakaanza kujadiliana kuhusu kamba. Kiongozi wao alikuwa mzazi mwenye watoto watatu kwetu, mtu mkubwa, mcheshi, na mjukuu wa mzee aliyetoa ardhi ya shule. Aliniambia nisiwe na wasiwasi hata kidogo. Alisema futi ishirini kwao ni mzaha, futi ishirini wanachimba wakisubiri chai.

Mwenyekiti alikaa mstari wa nyuma na hakupiga makofi. Baada ya mkutano alinivuta kando akaniuliza kama hakuna watu wengine wa kuchimba. Nikamwambia hao ndio wazazi tulio nao. Akanikumbusha josho la ng'ombe la kijiji cha pili. Mtu mmoja alikuwa akichimba mtaro wa kutolea maji kwenye josho hilo, akaona jiwe jeupe, akaliponda. Ndani ya wiki moja walikuja watu kutoka Macalder, kutoka mpakani na kutoka mahali ambapo hakuna aliyepajua, na mwisho wa mwezi hapakuwa na josho wala barabara ya kwenda kwenye josho. Ng'ombe wa kijiji kile wana kupe mpaka leo. Nilimwambia shule si josho. Alisema, "Sawa, Madam," akaenda zake.

Kazi ilianza siku ya pili ya likizo. Nilibaki shuleni kuwasimamia, ingawa sikujua wanasimamiwa vipi. Walichimba kwa mpangilio mzuri ajabu. Wawili chini, wawili kwenye kamba, wengine wakimwaga udongo mbali ili usirudi, na kila baada ya futi tano waliweka miti ya kushikilia kuta. Mke mwenzangu, kama ninavyomwita mpishi wetu wa uji kwa sababu tunagawana jiko, aliwapikia. Siku ya nne walikuwa wamefika futi kumi na sita. Niliandika barua ya furaha ofisini.

Siku ya sita afisa wa afya alipita kukagua. Aliinama juu ya shimo, akamulika kwa simu. Akazunguka upande wa pili akamulika tena.

"Hii ni choo ama ni nini?" akauliza.

"Ni choo, daktari," kiongozi akajibu. "Imekunja kidogo tu."

Ilikuwa imekunja. Kwenye futi kumi na mbili shimo lilikuwa limeacha kwenda chini na kuanza kwenda upande, likifuata udongo laini ulio kando ya mwamba, na lilikuwa na kimo cha mtu aliyechuchumaa na nguzo za miti kila hatua. Lilielekea darasa la gredi ya pili. Nilimwuliza kiongozi ni nani aliyeamua hivyo, akawauliza wenzake, na wote wakatazamana. Hakuna aliyeamua. Nawaamini. Walikuwa wamechimba hivyo tangu ujanani, mwamba ukiwa hapa unapita pale, na mikono ilikwenda ilikozoea huku wao wakipiga soga. Afisa alieleza kwa subira kwamba choo hakikunji, kwamba kinachoingia juu kinatakiwa kianguke moja kwa moja. Walimsikiliza kwa makini, mmoja akasema hawakuwa wamefikiria kitu kitakachoanguka.

Afisa aliagiza upande ule uzibwe kwa mawe na shimo linyooshwe. Wakaziba. Lakini kunyoosha maana yake ilikuwa kupasua ule mwamba walioukwepa, na siku ya nane, kwenye futi kumi na tisa, mwamba ulipopasuka ndani yake palikuwa peupe. Nilijua kabla ya kuambiwa, kwa sababu kelele zilikoma. Nilitoka ofisini nikakuta wanaume tisa wamesimama kuzunguka jiwe moja, kubwa kiasi cha kichwa cha mtoto, jeupe, lenye mishipa ya rangi ya kutu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kufungua shule.

Nilisema yale ambayo mwalimu mkuu anatakiwa kusema, kwamba shimo ni la Serikali, ardhi ni ya shule, na watoto ni wao. Kiongozi alinisikiliza kwa heshima. Alivua kofia.

"Madam, hatukatai," akasema. "Lakini babu alipeana hii shamba watoto wasomee. Ya chini hakupeana."

Wengine wakaguna kukubali. Hati ya ardhi ya shule niliwahi kuitafuta katika mafaili yote na nilichopata ni barua ya mzee mwenyewe, yenye alama ya kidole gumba, inayosema anatoa mahali pa kusomea. Kuhusu chini haikusema kitu. Nilifikiria kumpigia chifu, kisha nikakumbuka kwamba chifu naye ana makarai yake kwenye mashimo.

Wakamtuma mtu amwite mwenyekiti. Alikuja na karai lake kichwani, na mtoto wake nyuma yake kwa mbali, na fimbo. Wanaume walikuwa wameliponda jiwe kwenye kinu cha chuma, wakauchekecha unga, wakauweka kwenye kisahani kwa adabu. Alichagua mahali nyuma ya jiko, penye mgomba na ndoo za maji. Akachuchumaa. Sisi tukasimama kumzunguka, mimi upande wa bega lake la kulia, karibu sana, kwa sababu nilitaka kuona shule yangu ikiisha.

Kuosha hakuna haraka. Aliweka unga, akaongeza maji, akalizungusha karai kwa mikono miwili, akainamisha, tope likatoka. Akaongeza maji. Tope likawa jekundu, kisha la kijivu, kisha likabaki vumbi jeusi kidogo pembeni. Akalitikisa mara moja, polepole, vumbi jeusi likasogea, na nyuma yake nikaona mstari wa manjano mwembamba, urefu wa kidole. Nilikuwa nimekaa Nyatike miaka mitatu na nilikuwa nimeonyeshwa mistari mingi ambayo watu walishangilia. Ule ulikuwa mnene kuliko yote.

Ningependa kuandika kwamba alimtazama mtoto wake. Hakumtazama. Mtoto alikuwa amekaa kwenye ngazi ya darasa na kitabu, na mama alikuwa anatazama karai. Aliinamisha mkono kidogo tu, maji yakapita juu ya mstari ule, akamwaga vyote kwenye mgomba.

"Hakuna kitu," akasema. "Mawe tu."

Kiongozi aliuliza kama ana hakika. Akasema kwa ukali leteni ingine. Wakaponda kipande cha pili, akaosha, akamwaga. Cha tatu, akaosha, akamwaga, na safari hii alilikung'uta karai kwa kiganja, kama mtu aliyechoshwa na wajinga. Mara zote tatu nilikuwa nimesimama palepale. Mara zote tatu niliona. Aligeuza mgongo kidogo, na karai halikukaa mbele ya macho ya mwanamume yeyote kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kiongozi alishusha pumzi ndefu akavaa kofia, na mmoja wao akacheka akasema kumbe Mungu ameamua hii iwe choo. Jioni hiyo walimaliza futi ya ishirini. Walikuwa wamevunjika moyo, na kuta zilinyooka vizuri sana.

Walipoondoka alibaki akiosha karai lake ambalo lilikuwa safi. Nilimletea kikombe cha chai nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikunywa chai yote.

"Madam, uliona?" akauliza.

"Niliona."

"Hukuona."

"Sikuona," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha alinieleza, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, kwamba kilichokuwa kwenye karai la pili peke yake kingemtoa mtoni kabisa, asiiname tena. Nikamwuliza kwa nini basi. Lilikuwa swali la kipumbavu na nililijua nilipokuwa nikiliuliza. Akanijibu kwa swali lake: "Na yeye angesomea wapi?" Akanyoosha kidevu kuelekea ngazi ya darasa.

Nilipata hasira ambayo sijawahi kuieleza vizuri, hata leo. Haikuwa juu yake. Ilikuwa juu ya kila aliyewahi kuahidi daraja la mto ule, na juu ya ofisi zinazojua kufunga shule kwa barua ya ukurasa mmoja lakini hela za kujenga choo hazina. Mwanamke mwenye chumba kimoja alikuwa ametulipia choo, na hakuna fomu yoyote ya Serikali ambapo ningeweza kuliandika jambo hilo. Nilimwambia asante. Alisema asante ya nini, na hukuona.

Kabla ya kuondoka alinipa maagizo. Wachimbaji ni watu wa kufikiri wakiwa wamelala, alisema, na mmoja wao anaweza kurudi siku moja na wazo. Kwa hiyo choo kitumike mapema, na kitumike sana. "Muhula moja tu," akasema. "Hakuna mtu ataingia huko tena." Sijawahi kupewa ushauri wa uongozi wa shule uliofikiriwa vizuri kama ule.

Ukuta ulijengwa, mabati yaleyale mawili yakanyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa, mlango uliosalimika ukapata mahali pake. Afisa alikuja siku ya kufungua, akateremsha kamba yenye mafundo, akaipandisha, akasema futi ishirini kamili. Barua ya kufunga akaichana mbele yangu. Palepale nikapiga kengele, nikawahutubia wanafunzi wote juu ya usafi wa mwili na hatari ya vichaka. Nilihimiza matumizi ya choo kile kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwa jambo lolote la mtaala. Mapumziko ya saa nne niliyarefusha kwa dakika kumi. Walimu wenzangu walidhani nimepata semina. Msichana wa gredi ya tatu alifika baada ya wote, kama kawaida, nikamkaripia kwa kuchelewa na kumpeleka kwenye foleni.

Mwenyekiti alisema kweli. Muhula ulipokaribia kwisha, kiongozi wa wachimbaji alifungua shimo nje ya ua wa shule, ng'ambo ya barabara, kwenye shamba la shangazi yake. Sijui wazo lilimjia vipi. Alipata jiwe jeupe la aina ileile, na kwa kuwa mwenyekiti siku hiyo alikuwa amekwenda kwao mpakani kwenye msiba, karai la kwanza likaoshwa na mwanamke mwingine wa Macalder. Kulikuwa na dhahabu. Kulikuwa na dhahabu nyingi. Jioni kijiji kizima kilikuwa barabarani, na kila mtu aliyekuwa na akili alichora kwa kidole hewani mstari kutoka shimo lile, kupita barabara, kupita ua, mpaka chooni kwetu.

Nilisimama langoni siku mbili nikiwasubiri. Hawakuja. Kiongozi alifika mara moja peke yake, akakisogelea choo, akasimama hatua chache akikitazama kwa huzuni. Ilikuwa saa ya mapumziko na foleni ilikuwa ndefu. Alisimama kidogo, akaziba pua, akarudi kwenye shamba la shangazi yake. Mwamba huko ulielekea bonde, mbali na sisi, na huko ndiko walikoufuata.

Sikufikiria kwamba watu wangetaka maelezo kwa nini chooni kwetu hakukuonekana kitu. Watu waliona makarai matatu yakimwagwa. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mwenyekiti alidanganya. Jambo hilo halikuwaingia akilini, kwa sababu ni nani angemwaga dhahabu. Walisema macho yake yamekwisha. Walisema kwa upole, kama unavyosema ng'ombe wa jirani ameacha kutoa maziwa. Aliporudi kutoka msibani, karai la kwanza la shimo lililofuata halikuletwa kwake, wala la lile lililofuata. Likawa linapelekwa kwa yule wa Macalder. Yeye akarudi mtoni kuosha makapi, udongo ambao wengine wameshauosha, na mtu wa kuosha makapi hupata kile ambacho wengine hawakukiona, yaani karibu hakuna.

Nilikwenda kwake nikamwambia niko tayari kusema. Choo kimekwisha kutumika, nikasema, hakuna atakayekichimba. Alinisikiliza huku akimenya mihogo. Akaniuliza wakijua ilikuwa nyingi kiasi gani, chini ya darasa la gredi ya pili hawatachimba? Chini ya ofisi yangu? Chooni ndimo wasimoingia, lakini shule ni kubwa kuliko choo. Aliendelea kumenya.

Mkutano wa wazazi wa mwisho wa muhula ulihudhuriwa na watu wengi, kwa sababu wengi sasa walikuwa na viatu vipya. Afisa alikuwa ameleta fomu ya mwisho ya kuthibitisha choo, na ilitakiwa isomwe mbele ya wazazi na kutiwa sahihi na mwenyekiti. Kabla hatujafika hapo kiongozi wa wachimbaji aliomba kusema neno. Alisema mama yetu amewatumikia watu wa vilima hivi kwa miaka mingi, na kila kiungo cha mwili huchoka, na hakuna aibu. Alisema yeye na wenzake wamechanga. Akatoa mfukoni miwani, aliyoinunua Suna sokoni, ya vioo vinene, na akaenda mstari wa nyuma akamkabidhi kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Alikuwa na nia njema kabisa, yule mtu mkubwa, na nilitamani kumpiga.

Mwenyekiti aliigeuza miwani mikononi. Macho yake, ambayo yangeona punje ya dhahabu kwenye tope usiku wa giza, yalinipata mimi pale mbele, na yakakaa kwangu kidogo tu. Kisha akaivaa. Akasema, "Asanteni sana. Kweli macho imezeeka." Wakapiga makofi tena. Mimi pia nilipiga, kwa sababu kila mtu alikuwa ananiona, na sijawahi kuona aibu kama ile.

Nikamwita mbele kwa ajili ya fomu. Alikuja akipapasa viti, na hapo hakuwa anaigiza, kwa vile miwani ile ilikuwa imemfanya asione kweli. Nikamwekea karatasi mezani. Aliinamisha kichwa juu yake, akasubiri. Kiongozi akasema kwa sauti ya huruma kwamba asomewe, na kabla sijafungua mdomo tukasikia fimbo ikigonga sakafu kutoka upande wa dirisha. Watu walisogeza miguu kumpisha. Ilimchukua muda kufika.

Mtoto aliishika fomu kwa mikono miwili, fimbo ameiegemeza kwenye tumbo, akasoma yote, kuanzia anwani. Alisoma kina cha shimo na aina ya ukuta. Alisoma neno "kuthibitisha" bila kukwama, na "matumizi endelevu", ambayo walimu wangu wawili huyakwepa. Alisoma kwamba shule inaruhusiwa kuendelea. Mama yake alisimama wima akitazama ukutani kupitia vioo vile, mdomo umefumbwa, na hakuivua miwani.

Mtoto alipomaliza, mama akauliza atie sahihi wapi. Mtoto akamshika mkono wenye kalamu, akauweka kwenye mstari.